Yule Mama Aliyeachwa Mlangoni

Mama,

Kile kitabu cha pili kimepatikana. Nimekikuta mjini Bukoba, kwenye meza ya vitabu vya mitumba, joka jekundu juu ya jalada kama lile la kwanza. Nilikishika nikasahau nilichokuwa nimetumwa.

Unakumbuka msimu ule wa senene? Tumekaa chini jikoni kwetu Izigo, wewe unanyonyoa mabawa, mimi nasoma Kiingereza nakutafsiria kwa Kihaya. Ukurasa wa kwanza tu kijana alimwacha mama yake mlangoni, akapanda joka, akaenda zake. Majoka yakapigana, ngome zikaungua, na kila nikivuta pumzi wewe unauliza, "Na nyina je? Nani anamkatia ndizi?" Nikakwambia, Mama, hiki ni kitabu cha vita. Kikaisha hujajibiwa, ukanuna mpaka tukamaliza kula.

Tangu tukuzike pale mgombani, mdogo wangu Deo amejenga jiko jipya, moshi hauingii tena ndani. Ile mibuni ya kando ya barabara uliyoikatia tamaa imezaa. Mimi bado nimepanga chumba kule mjini, Rwamishenye. Siku hizi nikisinzia na kitabu kifuani naliona joka linakuja kutoka ziwani, polepole, kwenye ukungu. Linatua katikati ya migomba yako bila kuvunja hata jani. Wewe unatoka, unajifuta mikono kwenye kanga, unaliuliza ni la ukoo gani. Linajibu kwa adabu, lakini silisikii.

Sasa sikiliza. Kijana anarudi. Karibu na mwisho anaruka juu ya vilima vya kwao, anaiona nyumba, anaona mlango uko wazi. Hapo nikafunga kitabu. Ninaogopa, Mama. Siku ile nilipofika kutoka mjini, mlango wetu nao ulikuwa wazi, na watu walikuwa wamejaa uani. Nimekukumbuka.

Jumamosi nakuja. Nitakaa hapo ulipolala, nifungue ukurasa ule, nikusomee kama zamani. Kama mama yake yupo, nitakutafsiria neno kwa neno. Kama hayupo, nitakutafsiria kwamba yupo, kwamba amempikia, na kwamba amemgombeza kwa kuchelewa.

Lala, Mama. Usiulize kitu mpaka nifike.

Koku wako