Taa ya Nyoka Isizimwe

Binti yangu,

Leo usimpe nyoka wako panya, wala usimshike. Daktari wa mifugo anasema tumwache kwanza apate joto. Taa yake isizimwe hata dakika moja. Chai iko kwenye chupa.

Asubuhi ulipomfokea kaka yako kwamba ndiye anayechomoa taa, nilikuwa nimesimama pale na pasi mkononi, nikanyamaza. Ulilia ukasema hii ni wiki ya tano nyoka hajala, atakufa. Kaka yako akaondoka bila kuaga.

~~Labda ni umeme tu unaokatika.~~

Hapana. Ni mimi. Kila asubuhi naichomoa nipate pa kuchomeka pasi, nanyoosha sare, halafu nakimbilia zamu na kusahau kuirudisha. Mlipotoka nikampigia daktari. Aliponiambia nyoka akipata baridi hali chakula, nilikimbia kuichomeka taa. Unajua ninavyomwogopa huyo mdudu wako, lakini sikutaka afe.

Nimempigia kaka yako mara tatu, hapokei. Akifika kabla yangu, msomee karatasi hii yote, halafu umwombe radhi. Mimi nitamwomba mwenyewe, uso kwa uso.

Mama yenu