Machela Haipiti Kwenye Ngazi Zetu

Mpwa wangu Athumani,

Nakuandikia hadharani kwa sababu nimekuja ofisini kwako Kizingo mara mbili, na mara zote mbili mlinzi ameniambia bila miadi huonekani. Mimi, ndugu wa mamako! Basi na wasome wote.

Wakumbuka mwaka ule ulipoanguka mtihani wa kidato cha nne? Ulishinda barazani kwangu, kofia umeiteremsha usoni, hutaki salamu ya mtu. Aliyekuinua ni yule bibi wa shirika la misaada aliyekuja mtaani kwetu Kuze kutafuta vijana wa kujitolea kubeba wagonjwa. Hakukuuliza cheti. Alikuuliza, "Kesho waweza kuja?" Ukaenda. Wiki ya tatu ukamteremsha Bi Zuhura, jirani yetu aliyepooza, kutoka ghorofa ya pili kwa kiti cha kulia chakula. Ulirudi kwangu shati limerowa jasho, wacheka peke yako.

Wewe wazijua nyumba zetu, lakini wengine wanaosoma hawazijui, kwa hivyo nieleze. Ngazi ni nyembamba, vidato vyake virefu, na hupinda mara mbili kabla ya kufika chini. Machela haigeuki pale. Mgonjwa huketishwa kitini, akafungwa leso kifuani na kiunoni, mmoja akashika mgongo wa kiti kwa juu, mwingine miguu ya mbele kwa chini, wakateremka kidato kwa kidato. Ujuzi huo ni wewe mwenyewe uliyemfundisha Rukia, binti wa fundi cherehani wa hapa chini. Mlifanyia mazoezi kwenye ngazi zangu, mgonjwa nikiwa mimi. Naye alipokuja kujiandikisha ulimuuliza lile lile: "Kesho waweza kuja?" Alikuja miaka mitatu.

Mwaka huu, wewe sasa ukiwa mkubwa wa shirika lile lile, mkatangaza kwamba nafasi za kujitolea ni za vijana wenye stashahada tu. Rukia akaambiwa arudishe kizibao cha shirika. Akakifua, akakipiga pasi, akakirudisha.

Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, nawe hukuwa msikivu darasani. Sikiliza sasa. Kujitolea kuna "ji" ndani yake, na hiyo "ji" ni mtu mwenyewe, kwa hiari yake. Ukiing'oa ukatia mkono wako, kinachopatikana ni kutolewa. Ndicho ulichomfanyia.

Mwezi uliopita mke wangu aliteleza bafuni akavunjika mguu. Nikalipigia simu shirika lenu. Wakaja vijana wawili wenye adabu, sina ugomvi nao, wakamlaza kwenye machela, wakakwama penye kona ya kwanza ya ngazi. Hawawezi kupanda, hawawezi kushuka, naye analia. Rukia akasikia, akaja mbio, vijiuzi vimemganda nguoni.

"Kaka zangu, hiyo mwaipitisha wapi, dirishani? Mrudisheni juu. Mjomba, lete kiti!"

Akawaelekeza pale pale. Mke wangu, na maumivu yake yote, akasema kutoka kitini, "Mwanibeba kama bibi harusi, mbona hakuna vigelegele?" Hata wale vijana walicheka.

Wiki iliyofuata Rukia akapokea barua: amefanya kazi ya shirika bila idhini, asirudie. Nilidhani imeandikwa na karani fulani asiyetujua. Nikavaa miwani, nikatazama sahihi. Yako, Athumani! Ile ile uliyojifunza kuiandika mezani kwangu.

Sikukupiga hata siku moja ulipokuwa mtoto. Siku ile mkono uliniwasha.

Rukia ameitia barua yako kwenye droo ya cherehani ya mamake. "Mjomba," aliniambia, "nikiitwa tena sijui kama nitatoka. Naogopa." Mguu wa mke wangu unaunga. Hilo la Rukia ndilo sijui litaungwa na nani, na juu ya vichwa vyetu hapa, nyumba kwa nyumba, wamelala wazee watakaohitaji kuteremshwa.

Kwa hivyo miadi siitaki. Kiti sijakirudisha mezani, kipo pale pale juu ya ngazi. Nataka uje kwa miguu yako, umkabidhi Rukia kizibao chake mkononi, mamake akiona, na ile barua uichane wewe.

Swali lililokuinua barazani kwangu sasa nakuuliza mimi: kesho waweza kuja?

Mjomba wako,
ghorofa ya pili, Kuze