Ubavu Wako wa Kushoto

Kwako mujukuu wangu, uliyebeba jina langu,

Mi sijasoma. Maneno ni yangu, mukono ni wa mama yako mukubwa.

Unakumbuka? Utakumbuka nini, kitovu hata hakijaanguka! Basi nakumbuka mi kwa ajili yetu wawili. Hapa Dilala nilikuosha kila asubuhi mu beseni, unanikunjia uso kama chef wa kijiji anayedai heshima. Kisha ukaanza kutapika, ukakataa ziwa la mama yako. Asubuhi moja mukono wangu ulipita ubavuni, upande wa kushoto, ukakuta kitu kigumu kama kiazi. Nikafungua kitambaa: mukojo mwekundu.

"Ni vumbi nyekundu ya barabara, kitambaa kilianikwa inje," akasema mama yako mukubwa, na akaleta poire, ile mpira ya kuingizia batoto dawa kwa nyuma. "Mama, tumusafishe tumbo, itakuwa muzuri."

"Safisha lako! Ulimi wa mutoto umekauka, we unataka kumutoa na maji yenye imebakia?"

(Anaandika haya amenuna. Andika, binti.)

Sikujua kitu, niliogopa tu. Kwetu mutoto wa kitovu hatoki inje. Nilikutoa, ndani ya kitenge changu, juu ya pikipiki ya taxi-moto, nikimutukana dereva kwa kila shimo. Docta akatuambia: mwili umekauka, damu imekuwa nzito, imeganda mu mushipa unaotoa damu kwenye figo ya kushoto, ndiyo kile kiazi. Akakutuma Lubumbashi, hospitali ya Serikali, na mama yako.

Tangu hapo simu ikilia, mi natoka inje, mama yako mukubwa ndiye anaishika. Jana mama yako alisema mukojo ungali mwekundu. Wanakuchoma sindano ya kulainisha damu, na wanachunga isije ikavuja kichwani. Ikiganda ni kifo, ikilainika sana ni kifo. Sasa mi nimuombe Mungu nini?

Nilizaa sita, nikazika bawili. Niliwaosha mi mwenyewe kabla ya sanduku. Wewe sitakuosha vile. Nimekataa. Wakikurudisha kwangu ukiwa baridi, watafute mwanamuke mwingine.

Docta anasema hiyo figo ikikufa, ya pili inaweza kubeba kazi yote. Basi iambie ikaze. Kojoa, mama. Lowanisha docta, lowanisha mama yako, lowanisha kitanda yote ya Serikali. Ukojoe maji safi tu, halafu mi nitashika simu mwenyewe.

Nkambo yako, anayekungojea kwa woga