Chensoo Siiweki Chini

Edmonton, London

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi mlangoni unaota jua, na kwamba ukungu wa Lushoto umelihurumia lile goti la kushoto. Dawa ya kuchua niliyompa Mama Asha akuletee imefika? Usiwagawie majirani, Mama, nakujua. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Zuhura anasoma, anakula vizuri, na nikimsemesha kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, kwa hiyo ujue ni mzima.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Baba mdogo Hamza amenitumia ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya harusi. Anasema ukoo umekaa kikao hapo nyumbani kwako baada ya kuona picha yangu nimefungwa hogo la plasta mkononi, na shauri limekatwa: niache kukata miti kwa msumeno wa injini nirudi kwenye kazi ya kulea wazee, na hilo likinishinda nifungashe nirudi nyumbani. "Chensoo si chombo cha mwanamke, tena mjane," amesema. Nimeona nijibu kwa maandishi, maana kwenye simu baba mdogo hampi mtu nafasi ya kumaliza sentensi. Dada Mwanaidi akusomee kwa sauti, na wote waliokaa kikao waitwe wasikie.

Jibu langu ni hapana. Siachi.

Najua mkisikia London mnaona maghorofa tu. Lakini nikitoka hapa Edmonton na gari, haupiti muda naanza kuona malisho ya farasi, misitu midogo, na mashamba yaliyozungushiwa ua wa miti ya miba, kama michongoma ya kwetu. Ua ukiachwa tu, miti inarefuka juu na huku chini inatoboka, mnyama anapita anavyotaka. Ndipo tunapoitwa. Wakati wa baridi tunalikata kila shina karibu na ardhi, karibu lote, tunabakiza kipande chembamba chenye gome, kisha tunalilaza chini taratibu na kulishikiza kwa mambo, vile vigingi vya mbao. Mtu asiyejua atasema tumeua mti. Haufi. Joto likirudi unachipua toka shinani, na ua unafunga kiasi kwamba hata mbuzi hapenyi. Hiyo ndiyo kazi yangu, pamoja na kusafisha misitu na kuondoa miti iliyoanguka. Nimejiajiri. Nina gari la mizigo, nina chensoo na mapanga, na nina mwenzangu Danuta, mwanamke wa Kipolandi mwenye maneno machache na mabega mapana.

Kazi ya kulea wazee nimeifanya miaka mingi na siidharau. Wale wazee niliwapenda. Lakini tangu marehemu Baba Zuhura atutoke, kila nilipoingia chumba cha mgonjwa nilikuwa naingia tena chumba chake. Harufu ileile, glasi ileile ya maji kando ya kitanda. Usingizi ukanihama. Jumamosi moja rafiki yangu mmoja akanipeleka kwenye msitu ambao watu hujitolea kuusafisha, nikapewa panga, nikafyeka mpaka jioni. Siku ile nililala kama mtoto. Ndiyo nikaenda kujifunza kazi hii, nikafanya mtihani wa chensoo nikapita. Hayo sikuwahi kumweleza baba mdogo kwa sababu hakuwahi kuuliza.

Sasa habari ya mkono. Ilikuwa Januari, kwenye ua wa Bwana Alan, mzee anayefuga farasi upande wa juu wa Enfield. Ua ulikuwa mkongwe, na ndani yake mashina yalikuwa yamemeza waya wa zamani ambao hatukuuona. Nilikata shina moja, waya ukaachia, na tawi lililokuwa limebanwa nyuma likafyatuka kama mtego likanipiga mkono wa kushoto. Nilisikia mfupa, Mama. Chensoo ina breki, ikasimama palepale, alhamdulillahi. Danuta akanishika kidevu akaniambia, "Usiangalie mkono. Niangalie mimi." Nikamwangalia yeye mpaka hospitali.

Muuguzi aliyenifunga hogo alikuwa Mkenya. Alipoona jina langu akabadili lugha. "Pole dada. Umeteleza bafuni?"

"Nimepigwa na mti."

"Mti? Hapa London? Mti wa wapi tena?" Akacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Zuhura akapiga picha akaiweka kwenye simu watu waione, na ndivyo ilivyofika huko kwenu.

Wakati mmeanza kunionea huruma, kuna mtu huku alikuwa anafurahi. Nilipoanza kazi hii nilikuwa kibarua wa kontrakta mmoja, Terry. Nilipomuaga nikajitegemee aliniambia mwaka hautaisha nitarudi kumpigia hodi. Sikurudi, na hilo hajanisamehe. Aliposikia nimevunjika akaenda moja kwa moja kwa Bwana Alan. Akamwambia yule mama amekwisha, ua wenyewe umezeeka, yeye ataung'oa wote kwa katapila na kuweka uzio wa mbao. Tena ifanyike haraka, maana ikiingia Machi ndege wanaanza kujenga viota na hakuna ruhusa ya kugusa ua mpaka kiangazi kiishe.

Bwana Alan akanipigia simu. "Rehema, pole sana na mkono. Lakini siwezi kungoja. Farasi wangu watatokea barabarani. Terry anakuja Jumatatu."

"Ulinipa ua huu mpaka mwisho wa Februari."

"Una mkono mmoja."

"Na Februari bado ipo," nikamwambia.

Zuhura alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Akaniambia kwa Kiingereza chake niachane nayo, kazi nyingine zitakuja. Nikamjibu kwamba kazi zitakuja, sawa, ila nikimwachia Terry hii, kila mwenye shamba upande ule atajua kwamba Rehema akiumia amekwisha. Akaninunia. Nami nikamnunia.

Jumatatu mimi na Danuta tulitangulia. Danuta akaliegesha gari letu likaziba geti lote la shamba, akazima injini, akatoa mkate wake akaanza kula. Terry akafika na lori limebeba katapila. Akapiga honi. Danuta akaendelea kutafuna. Nikashuka, hogo limening'inia shingoni.

"Sogeza gari, Rehema," akasema Terry.

"Nina kazi humu ndani."

"Kazi gani? Utakata na meno?"

"Danuta ana mikono miwili, mimi nina mmoja. Mitatu inatosha. Wewe unayo miwili tu na ukaona uje na katapila."

Kijana wake wa lori akageukia dirishani akificha kicheko. Terry akawa mwekundu. Akanisogelea karibu sana, Mama, karibu mpaka nikanusa kahawa aliyokunywa, akaniambia watu kama mimi tunakuja hapa kujifanya tunajua mashamba ya watu. Lakini sikurudi nyuma hata hatua moja. Nikamwambia, "Mimi nimekuja kwa Bwana Alan. Na huyo anakuja."

Kweli, mzee alikuwa anashuka na buti zake, amekasirika na sisi wote. Nikamwambia, "Nipe wiki hii moja. Ijumaa lete farasi wako mkorofi kuliko wote tumwachilie hapa. Akipita, nitamfungulia Terry geti kwa mkono wangu mwenyewe."

Mzee akatazama ua, akatazama hogo, akatazama katapila. Akasema upande wa barabarani ameshakubaliana na Terry na hatalivunja neno lake. Ila upande mrefu wa malishoni, nina wiki.

Kwa hiyo si kwamba nilishinda yote, na sitaki mtu hapo nyumbani ajigambe kwa jina langu. Ule upande wa barabarani ulikuwa mzuri kuliko wote. Miti iliyopandwa na watu waliokufa zamani, wakati hata babu zake Bwana Alan hawajazaliwa. Katapila liliing'oa asubuhi hiyohiyo, mizizi ikabaki juu, myeupe. Niliingia kwenye gari nikalia, sikatai. Danuta akanipa nusu ya mkate. Halafu tukaanza kazi.

Wiki ile mvua haikukoma. Danuta alikata, mimi niliyalaza mashina kwa bega na goti na mkono wa kulia. Mambo niliyapigilia kwa nyundo ya mbao nikiwa nimepiga magoti kwenye tope. Hogo nililivisha mfuko wa nailoni. Mkono uliuma, na nisiposema hivyo nitakuwa nakudanganya. Danuta aliniambia mara nyingi nipumzike, nami nikamwambia mara nyingi anyamaze.

Siku moja nimetoka kazini nimejilaza kwenye kochi na nguo za tope, simu ikalia. Baba mdogo. Sikuwa na nguvu hata ya kuinyoosha mikono. Zuhura akaipokea. Nikamsikia baba mdogo anapanda na kushuka, anapanda na kushuka. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, kwa Kiswahili, mtoto huyu ambaye hajanijibu kwa Kiswahili tangu alipoanza shule, "Shikamoo babu. Mama amechoka. Mama hapana acha kazi. Na mimi hapana taka yeye acha." Akakata simu, akaenda kunifungulia maji ya moto bafuni. Baba mdogo, kama unasikia hapo, najua hukupenda kukatiwa simu na mjukuu. Nitamfundisha sarufi. Maneno yenyewe sitayabadilisha.

Ijumaa Bwana Alan akaja na farasi jike mweusi anayejulikana kwa kutoroka. Akamfungua kamba. Yule farasi akaufuata ua wote tuliokuwa tumeulaza, akanusa, akafika mahali akasukuma kwa kifua. Miba ikamchoma. Akarudi nyuma, akasukuma tena pengine, akachomwa tena, mwisho akainamisha kichwa akala majani. Bwana Alan hakutoa hotuba. Alisema, "Haya, malizia." Tukamalizia kabla Februari haijafika mwisho, na tangu hapo ameshanipeleka kwa jirani yake mwenye msitu mdogo.

Sasa ni Aprili. Nilipita pale juzi. Yale mashina tuliyoyalaza yamejaa vichipukizi vya kijani, na kuna ndege ameshaingia ndani analinda kitu chake. Upande wa barabarani kuna mbao za Terry, zimenyooka vizuri, hazina hata jani.

Hogo limeondolewa. Daktari amesema mfupa umeshika, ingawa kwenye baridi utanikumbusha. Basi unikumbushe.

Mama, dada Mwanaidi aliniambia kwamba kwenye kikao wewe hukusema neno. Wengine walifikiri umekubali. Mimi nilicheka peke yangu kwenye basi. Baba alipofariki, kikao cha namna hiyohiyo kilikaa, na walikuwa wengi wao walewale. Walisema mwanamke peke yake hawezi shamba la mapeasi kwenye mteremko, urudi kwa kaka zako na shamba ligawanywe. Nilikuwa mdogo, lakini niliona. Uliwapikia chai, ukawamiminia mmoja mmoja, hukubisha hata neno. Walipomaliza kunywa ukachukua jembe ukaenda shambani. Mpaka leo mnakula mapeasi ya shamba lile, na baba mdogo anayapenda kuliko wote. Kwa hiyo msiulize ukaidi huu nimeuokota wapi Ulaya. Haukuokotwa Ulaya.

Nitakuja mwezi wa saba, inshallah. Nitakuja kukuona na kulala kitandani kwako na kula makande, si kuhamia. Nikimaliza likizo nitarudi kazini kwangu.

Mpe salamu dada Mwanaidi, na koo lake nalishukuru kwa kusoma yote haya. Mjomba mwalimu mwambie vitabu vya mjukuu wake nimevipata. Shangazi wa Soni, mpishi wetu wa shughuli zote, mwambie hakuna maandazi huku yanayofikia yake hata kwa mbali. Binamu Saidi fundi seremala mwambie nimemchagulia kipande cha mti wa hapa, kigumu na kizuri, aone patasi yake itafanya nini. Na baba mdogo Hamza, mkuu wa kikao, mpe shikamoo yangu ya heshima kabisa, magoti chini. Heshima yake anayo yote. Uamuzi ndio hana.

Naishia hapa kwa sababu Danuta yuko nje ananipigia honi. Upepo wa jana umeangusha mti kwenye uzio wa kanisa moja kule Tottenham, na katika watu wote wa mji huu mzima wametuita sisi.

Mwanao akupendaye,
Rehema