Nimemrudishia Mgeni Maneno Yake

Mwenzangu, uko wapi? Nimejifungia stoo ya mashuka na sitoki hata hoteli ikiungua.

Unakumbuka nilivyomdanganya meneja kwamba Kifaransa nakijua, akanitoa usafi akaniweka mapokezi? Basi leo kaja Mfaransa. Mzee wa watu, kavaa suti, jasho linamtoka.

Akasema kitu. Na mimi unanijua, miezi yote hii nimepiga deki na podikasti ya kujifunza Kifaransa masikioni: yule mama mwalimu anasema, ananyamaza, mimi narudia. Basi nikarudia. Neno kwa neno! Halafu nikanyamaza, nasubiri sentensi inayofuata.

Nasubiri, unanisikia? NASUBIRI!

Mzee akakunja uso. Akasema tena, polepole. Moyoni nikasema ahaa, huyu naye anajua kufundisha. Nikarudia polepole, na lafudhi nikaipatia. Meneja nyuma yangu anatabasamu kama baba wa bibi harusi. "Mnaelewana, eh?"

Mzee sasa anasimamia mguu huu, mara ule. Anapaza sauti. Na mimi napaza.

Mwisho akashika kaunta kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Binti yangu, nakuomba, choo kiko wapi?"

Meneja akanisogelea.

Na mimi, mwenzangu, kwa sauti safi kabisa, nikarudia: "Binti yangu, nakuomba, choo kiko wapi?"