Hiyo Hiyo, kwa Kishani

Chiang Mai, Jumanne

Dada Nang Kham,

Mimi mzima, ila mvua imezidi. Nimepewa kazi Bangkok ya kutafsiri karatasi za dawa, ofisini peke yangu, mbali na wagonjwa. Nilikuwa nimeshakubali.

Jana, nikiwa zamu yangu ya ukalimani hospitalini, daktari aliniambia, "Mweleze mzee kwamba hakuna tiba tena." Mzee Sai Laeng ni wa kwetu, na hapa hospitalini hana ndugu. Nikamweleza kwa Kishani, nikiogopa atalia.

Akatabasamu. "Binti, miezi mitatu sijasikia lugha yetu. Hebu sema tena."

"Habari hiyo hiyo, baba?"

"Hiyo hiyo. Polepole."

Nikairudia, na aliyelia ni mimi. Bangkok siendi.

Dada, tangu nilipokosa maziko ya mama hunipigii simu. Nipigie, hata kama ni kunigombeza.

Mdogo wako,
Nang Hseng