Chumba cha Mtu Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Nimefua, nimeanika juu ya mawe kama kawaida. Mwanangu Kabula ameenda shule bila chai, mkaa ulilowa. Mchana mwenye nyumba kaja na mafundi, wanapima vyumba. Wapangaji wote tutoke mwisho wa mwezi. Nyumba inageuzwa lodge. Wageni wa mtaa huu wa Pasiansi watapata pa kulala. Sisi je?

Alhamisi, 6 Machi
Dalali kanizungusha Ilemela nzima, hapa Mwanza, milima kwa mabonde. Hakuna anayeuliza kama nina kazi. Wanauliza watoto. Mmoja, nasema, ana miaka saba, mtulivu. Basi, mazungumzo yameisha. Watoto wanachafua kuta, wanajaza choo mapema. Nimemchukia dalali. Jioni nimemfokea Kabula bure.

Jumapili, 16 Machi
Chumba mlimani, kwa Mama Getruda. Kodi naimudu. Akauliza swali lilelile. Nikasema sina mtoto.
Sikusita hata kidogo. Hilo ndilo linaloniumiza.

Jumamosi, 29 Machi
Nimempeleka Kabula Misungwi kwa mama yangu. Mama hakuuliza kitu, kapokea begi tu. Ningeomba anigombeze. Kabula kauliza kama shule ya huko ina uji. Nimemwambia ni kwa muda mfupi. Dalali anasema vyumba vya wenye watoto siku hizi ni vya bei ya wenye magari. Muda mfupi upi?

Jumatano, 9 Aprili
Aibu. Jirani wa zamani kanikuta getini, kapaza sauti: "Mama Kabula, umepotea!" Mama Getruda alikuwa amesimama pale pale.
Kwetu mwanamke akishazaa jina lake la zamani linawekwa kando. Hata huyu mwenye nyumba sijui jina lake la ubatizo. Nikajitetea kwamba Kabula ni mtoto wa dada yangu, nimemlea kidogo, ndiyo maana. Sina dada. Mama Getruda kanitazama, kisha kaendelea kupepeta mchele. Hapa naitwa Dada Vero. Naitika kwa shida.

Ijumaa, 18 Aprili
Mama kapiga simu. Kabula analia usiku, anamleta kesho, ashinde nami Pasaka. Siwezi kukataa. Nimeongea na mtoto mwenyewe. Nimemfundisha: ukifika, uniite mama mdogo. Kauliza kwa nini. Nikasema ukiniita mama tutafukuzwa. Akajibu: "Sawa, mama." Nikamwambia aseme tena, vizuri.
Najichukia.

Jumapili, 20 Aprili
Hakukosea hata mara moja. Kanisani, mezani, bafuni. Kamwamkia Mama Getruda kwa shikamoo, magoti chini. Mama Getruda kampakulia pilau, kasema huyo dada yangu amebarikiwa, mtoto ana adabu. Nikashukuru kwa niaba yake.

Jumatatu, 21 Aprili
Nimemrudisha Misungwi. Njia nzima kalala mapajani mwangu. Tulipokaribia kwa mama nikamwambia sasa hakuna mtu, niite mama. Kaangalia nyuma, kaangalia kichakani, kisha kaninong'oneza sikioni:
"Nikizoea, nikija tena nitakosea."
Nikamwacha. Nimerudi kabla ya giza. Mvua kidogo. Nimepika ugali, nimekula nusu.